Kitonga, Jumapili Alasiri

Miaka ile mafuta yalipoadimika, serikali ilitoa amri kwamba Jumapili, ikishapita saa nane mchana, gari lolote lisilo na kibali lisionekane barabarani mpaka Jumatatu alfajiri. Watu wengi walinung'unika, hasa wenye harusi na wenye misiba. Mie nilinyamaza, maana kwangu amri ile ilikuwa zawadi. Saa nane ilinikuta nimesimama njia panda ya Ubungo na baiskeli yangu, nikisikiliza gari la mwisho likikimbilia mjini kabla askari hawajalisimamisha. Likishapita, Barabara ya Morogoro ilibaki tupu, nyeusi, ikipanda kuelekea Kimara bila kitu juu yake ila jua.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya umma mjini. Siku nzima vidole vyangu vilikimbia na mwili wangu ulikaa. Jioni nikirudi Kinondoni, kwenye nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba, sikuweza kukaa tena. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilihamisha kitanda changu, mwezi huu kikawa chini ya dirisha, mwezi ujao nyuma ya mlango. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Aliinua macho kutoka kwenye kazi za wanafunzi wake akaniuliza, "Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Basi kaa."

Nilikaa. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama tena, nimeshika sufuria ambayo haikuhitaji kuoshwa.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Chang'ombe, amepanga chumba Temeke. Yeye ndiye aliyekuwa na baiskeli ya kweli, ya mashindano, usukani umepinda kwenda chini, matairi membamba kama kidole gumba. Aliachiwa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Dar es Salaam nzima hapakuwa na duka lenye mipira ya baiskeli ile, kwa hiyo kaka aliibandika viraka mpaka viraka vikawa vingi kuliko mpira wenyewe. Yangu ilikuwa ya Kichina, ya kike, nyeusi, nzito kama kitanda cha chuma. Jumapili tulikutana Ubungo, tukapanda Kimara, tukapita Mbezi, ambako siku hizo kulikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabika, tukafika Kibamba. Hapo tuliomba maji kwenye nyumba za watu, tukanywa, tukageuka.

Mara moja vijana wa mgambo walinisimamisha pale Mbezi kwa kuwa nilikuwa nimevaa suruali ya kaka. Walisema mwanamke wa Kitanzania havai suruali. Kaka aliwauliza, kwa upole kabisa, kama wangependelea nivae gauni lipeperuke mpaka shingoni. Walijitenga kando wakashauriana. Wakarudi wakasema suruali ni pana, haibani, basi niende.

Kila mara tulipogeuka Kibamba nilihisi kitu kama hasira. Mbele barabara iliendelea, ikaingia kwenye miti, ikapotea. Kaka aliniona ninavyoitazama.

"Siku moja tutaimaliza," alisema.

"Inaishia wapi?"

"Kwetu ni Iringa. Lakini kabla ya Iringa kuna Kitonga. Ukiipanda Kitonga, we mtoto, utatulia. Mlima ule unamtuliza mtu yeyote."

Kaka alikuwa ameipanda Kitonga kwa lori tu, akiwa amekaa juu ya magunia, lakini aliisema kama mtu aliyezaliwa kule. Nami nilimwamini. Nilianza kuamini kwamba kule juu pana utulivu unaonisubiri, kama mzigo ulioachwa stesheni mpaka mwenyewe atakapokuja kuuchukua.

Katikati ya hayo nikaposwa. Aliyenichumbia alikuwa karani wa benki, mtu wa Bukoba, anakaa Temeke jirani na kaka. Sikuwa na la kumlaumu, na hapo ndipo palipokuwa na tabu. Hakunywa, hakupiga kelele, alimwamkia mama yangu kwa heshima. Lakini alikuwa mtu wa kukaa. Jumapili akitoka kanisani alivuta kiti barazani, akafungua redio, akakaa hapo mpaka magharibi, mikono imelala juu ya mapaja, ameridhika. Nilikuwa nikimtazama nikashikwa na hofu. Nilijiona nimekaa kiti cha pembeni yake, mwaka hadi mwaka, miguu yangu ikitetemeka chini ya khanga.

Mama alikubali posa, ila alisema lazima bibi apelekewe habari. Bibi, mama yake mama, alikuwa akiishi ng'ambo ya Iringa, na bila neno lake mama asingepanga harusi yoyote. Mama mwenyewe magoti yalikuwa yanamsumbua na shule hazijafunga. Mabasi ya bara yalikuwa ya kubahatisha siku zile, watu walilala stendi. Kaka alikuwa na likizo yake, mimi nilikuwa na yangu.

"Tutakwenda na baiskeli," kaka alisema.

Mama aliweka kalamu chini. "Mpaka Iringa?"

"Mpaka kwa bibi."

"Nyie watoto mna wazimu," mama alisema, kisha akaingia chumbani akatoka na sweta mbili, maana alijua baridi ya kwao.

Mchumba wangu alipoambiwa, aliinama akabonyeza tairi la mbele la baiskeli yangu. Aliuliza, "Na tairi likipasuka?"

"Tutaziba."

"Na ukichoka?"

"Nitapumzika."

Alinitazama kama anayetaka kuuliza jambo jingine, lakini hakuliuliza. Alileta pakiti ya biskuti na chupa ya dawa ya mbu, akavifunga mwenyewe kwenye keria yangu kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Nilimshukuru, na moyoni nilikuwa nimekwisha ondoka.

Tulipopita Kibamba bila kugeuka nilipiga kelele ya furaha. Hakuna aliyenisikia isipokuwa kaka na mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika muhogo. Nilidhani furaha ile itadumu mpaka Iringa. Haikufika hata Chalinze. Kila tulipofika mahali nilitaka tuwe tumekwisha pita. Morogoro, milima ya Uluguru imesimama mbele yetu na mawingu shingoni, kaka alitaka tukae siku nzima kwa rafiki yake, tupumzishe miguu. Nilizunguka ua wa watu wale mpaka mke wa rafiki yake akaniuliza kama nimepoteza pesa.

"Twende," nilimwambia kaka alfajiri.

"Kichwa kinaniuma kidogo."

"Kitapona njiani."

Alipanda baiskeli. Kwenye mbuga ya Mikumi askari wa wanyama walikataa tusipite kwa baiskeli, wakasema simba hawajui likizo, wakatuweka kwenye lori la mbolea. Kaka alilala juu ya magunia njia nzima, amejifunika sweta kwenye jua kali. Niliona. Nilidhani ni usingizi.

Baada ya Mikumi barabara ilianza kuteremka kuingia bonde la Ruaha, na nchi ikabadilika. Sijaona nchi kavu namna ile kabla wala baada. Ilikuwa kiangazi. Miti yote ilikuwa uchi, ya kijivu, miiba mitupu, na ardhi chini yake nyekundu, imepasuka. Hapakuwa na jani. Mawe yalirudisha joto usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Hata ndege walikuwa wamenyamaza. Katikati ya ukame huo mto Ruaha ulipita, mpana, wa kahawia, kana kwamba haujui kilichopo kando yake. Mbele, mwisho wa bonde, ulisimama ukuta wa mlima, na kwenye ukuta ule niliona mstari mwembamba umekatwa kwa mshazari, unapanda, unapotea nyuma ya jabali, unatokea tena juu zaidi.

"Ndiyo yenyewe?" niliuliza.

"Ndiyo yenyewe," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Tulifika Ruaha Mbuyuni Jumapili kabla ya adhuhuri. Kaka ndiye aliyekuwa amepanga hivyo. Kitonga ilikuwa inaogopwa kwa malori. Yalipanda yakinguruma na kuteremka yakinuka breki, na baiskeli haikuwa na mahali pa kujificha kati ya jabali na korongo. Lakini Jumapili baada ya saa nane malori yangesimama yalipo, na mlima ungekuwa wetu. Tulisubiri katika mgahawa wa mama mmoja kando ya barabara. Kaka hakula. Alikunywa maji, kikombe juu ya kikombe, na nilimwona akitazama zahanati iliyokuwa upande wa pili. Mlango ulikuwa na kufuli.

"Mganga amekwenda kwao," mama wa mgahawa alisema. "Mpaka kesho. Kwani nani anaumwa?"

"Hakuna," kaka alisema haraka.

"Mkipata shida huko mlimani, juu kabisa kuna kambi ya watengeneza barabara. Wana gari lao. Katikati hapo hakuna mtu."

Saa nane ilipita. Lori la mwisho lilijikokota likaegesha chini ya kivuli, dereva akatandika mkeka. Kisha kukawa kimya. Tukaanza kupanda.

Siku zote kaka alikuwa mbele na mimi nyuma, nikiukimbiza mgongo wake. Siku ile, baada ya kona ya kwanza, nilikuwa mbele. Nilifurahi. Nilidhani hatimaye nimekuwa mpandaji. Nilisimama juu ya pedeli, nikaisukuma baiskeli ile nzito mita kwa mita, jasho likinitiririka machoni, upande mmoja jabali na upande wa pili hewa tupu. Nilisikia cheni, pumzi yangu, na jiwe dogo likiporomoka mahali fulani chini. Basi. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilijiambia, sasa ndiyo hapa, sasa utulivu unakuja. Nilingoja uje. Badala yake akili yangu ilikimbia kila upande, kwa mchumba wangu na kiti chake, kwa tapureta yangu iliyofunikwa kitambaa, kwa bibi na atakachosema. Niligeuka nimwambie kaka. Hakuwapo.

Nilingoja. Kisha nikaiacha baiskeli, nikashuka kwa miguu, baadaye nikakimbia. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara, baiskeli yake imelala, anatetemeka katika jua lile kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Alikuwa ametapika. Nilimgusa paji la uso nikaondoa mkono.

"Tangu lini?"

"Morogoro," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia." Alijaribu kucheka. "Nikaona unataka kufika."

Nilimvuta mpaka kwenye kivuli cha jabali, nikamfunika sweta zote mbili, nikamwekea chupa ya maji mkononi. Nilitazama chini. Tulikotoka palikuwa na zahanati yenye kufuli na malori yasiyoruhusiwa kuwashwa. Nilitazama juu. Sikuona kitu ila ukuta na ule mstari.

"Nakwenda kambini," nilimwambia. "Usiende popote."

"Niende wapi?" alisema, amefumba macho.

Mwendo wa kutoka pale mpaka juu siwezi kuusimulia kwa utaratibu, kwa sababu haukuwa na utaratibu. Niliifuata baiskeli yangu pale nilipoiacha. Niliendesha. Niliposhindwa kuendesha nilisukuma, nikiwa nimeukumbatia usukani kama mtu anayemsukuma ng'ombe mkaidi. Niliposhindwa kusukuma nilipanda tena, maana miguu iliuma mahali tofauti. Kimya kile nilichokisubiri kwa miezi kilikuwa sasa adui. Nilikuwa natega sikio nisikie injini, injini yoyote, ya lori, ya pikipiki, ya askari aje anikamate. Nyani walikaa juu ya kingo za mawe wakanitazama, hawakuwa hata na haraka ya kukimbia. Kila kona nilijua ndiyo ya mwisho, na kila kona ilifungua kona nyingine. Nililia kidogo, si kwa huzuni, ni kwa hasira, kisha nikaacha kwa kuwa nilihitaji pumzi. Nilikuwa namzungumzisha kaka kwa sauti. Nilimwambia asife. Nilimwambia nikifika nitakaa kitako maisha yangu yote kama anataka.

Kisha upepo wa baridi ukanipiga usoni, barabara ikalala, na mbele yangu nikaona mahema, vibanda vya mabati, moshi wa jiko na Landrova ya kijani.

Msimamizi wa kambi alikuwa mzee kiasi, shati jeupe limepigwa pasi, amekaa juu ya pipa akisikiliza redio. Mpishi wa kambi, mwanamke mnene aliyejifunga khanga kifuani, alikuwa anakoroga maharage. Wote wawili walisimama waliponiona. Nadhani nilitisha.

"Shikamoo mzee. Kaka yangu yuko mlimani, hoi, ana homa kali. Naomba gari."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini, akazima redio. Kisha akasema, "Ndugu, leo ni Jumapili."

"Najua."

"Gari hili lina kibali cha kubeba mgonjwa. Mgonjwa akiwa ndani, nina haki. Mgonjwa asipokuwa ndani, nina kosa. Mwenzangu alikamatwa hivyo hivyo, akanyang'anywa leseni, mpaka leo anapalilia mahindi."

"Lakini mzee, mgonjwa ataingiaje ndani usipomfuata?"

Aliona ukweli wa jambo hilo, nikaona anauona, ukamtesa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba nchi itajengwa ikiwa kila mmoja atafuata alichoambiwa. Alivua kofia akaivaa. "Kama angekuwa hapa," alisema, "tungekwisha kuwa njiani."

Nilikuwa karibu kumrukia. Nilikuwa nazunguka lile gari, nikishika milango. Ndipo yule mpishi aliposema, bila kuacha kukoroga, "Kwani kutoka hapa mpaka kwa huyo mgonjwa si mteremko mtupu?"

"Ni mteremko," msimamizi alisema.

"Basi liachie lishuke lenyewe. Usiwashe. Gari lisilowashwa si gari, ni mkokoteni."

Msimamizi alimtazama mpishi. Akatazama barabara. Akafikiri kwa uzito, kama hakimu. Kisha akasema, "Hapo hatutatumia mafuta."

"Hata tone," mpishi alisema.

Tukalisukuma sisi watatu mpaka barabara ilipoinama. Msimamizi akarukia usukani, nami nikarukia upande wa pili, na tukateremka Kitonga na injini iliyozimwa. Nimepanda magari mengi tangu siku ile na sijapata kuogopa vile. Hakukuwa na mngurumo, ila mvumo wa matairi na upepo, na mzee yule anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga, mdomo wake unanong'ona sala. Kwenye kona moja tulipita karibu sana na ukingo nikaona vilele vya miti vikiwa chini yangu. Harufu ya breki zinazoungua ilijaa ndani. Mzee hakuwasha. Jasho lilimtoka shingoni likalowanisha kola yote ya shati lake la Jumapili, na hakuwasha.

Kaka alikuwa pale pale. Alifumbua macho akaona Landrova inakuja kimya, bila sauti, na baadaye aliniambia kwamba alijua hapo kwamba amekufa. Tulimlaza nyuma juu ya magunia matupu na baiskeli yake pembeni. Msimamizi akafunga mlango, akapangusa mikono, akakaa sawasawa kwenye kiti.

"Sasa," alisema, na akawasha gari kwa fahari.

Alitupeleka mpaka hospitali ya Iringa, hakukubali kutuacha njiani. Jua lilikuwa linazama tulipofika. Askari walitusimamisha mara moja tu, na msimamizi alifungua mlango wa nyuma akawaonyesha kaka kama mtu anayeonyesha hati. Ilikuwa malaria, tena imekomaa. Mganga alisema tungechelewa mpaka asubuhi asingeahidi kitu. Kaka alilazwa zaidi ya wiki. Siku alipoweza kukaa kitandani na kunywa uji alinipa ruhusa niende kwa bibi peke yangu. Nilipata lifti mpaka kambini, nikaichukua baiskeli yangu, mpishi akanipa maharage, na nikaendesha njia iliyobaki, baridi, mashamba ya mahindi yaliyovunwa, misonobari, peke yangu. Kwa yule anayetaka kujua kama mlima ulinituliza, jibu ni hapana. Niliendesha kwa haraka zaidi.

Bibi sikumkuta kwenye nyumba niliyoijua. Watu walinielekeza kijiji kipya cha ujamaa walikohamishiwa, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, kila moja imefanana na mwenzake. Nyumba yake niliikuta imefungwa.

"Amekwenda kwake," jirani alisema.

"Si hapa ni kwake?"

Jirani alicheka. "Mwambie yeye."

Nilimkuta amekaa kwenye msingi wa nyumba ya zamani, kule kilimani, nyumba iliyokwisha bomolewa, anakata majani ya maboga yaliyoota mahali palipokuwa chumba cha kulala. Kila siku alipanda kule asubuhi na kuteremka jioni. Viongozi wa kijiji walikuwa wamemsema mpaka wakachoka.

"Umekuja na nini?" aliniuliza baada ya kuniamkua na kulia kidogo na kunishika uso.

"Na baiskeli."

"Kutoka Dar es Salaam?"

"Kutoka Dar es Salaam."

Aliitazama baiskeli, akanitazama, na hakuonekana kushangaa. Nilimweleza habari za kaka, akasikitika, akaomba Mungu. Nilimweleza habari za mchumba.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri. Hana neno."

"Mbona unamsema kama mtu anayeuza mbuzi?"

Niliketi kando yake juu ya msingi. Kisha nikamwambia yote, kiti, redio, mikono juu ya mapaja, na mimi nisiyetulia hata kwenye kimya cha Kitonga. Alisikiliza huku akiendelea kukata mboga.

"Umemwambia yeye?"

"Nani?"

"Huyo mwanamume. Umekuja huku kote kuniambia mimi. Yeye umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Bibi aliinuka, akanipa furushi la majani nibebe, tukateremka pamoja. Akanipa neno lake kwa ajili ya mama, kwamba harusi iwe, kama bwana harusi akishaelezwa bado anataka.

Tulirudi Dar es Salaam kwa basi, mimi na kaka, baiskeli zimefungwa juu ya paa. Kaka alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Hakupanda tena baiskeli kwenda mbali. Alisema ameona gari likitembea bila sauti na hilo linamtosha.

Mchumba wangu alikuja Kinondoni siku ya pili. Tulikaa uani, mama yuko ndani. Nilimwambia kila kitu, vibaya vibaya, bila mpangilio, nikisimama na kukaa. Nilimwambia kwamba nikilazimishwa kukaa barazani Jumapili nitamchukia, na sitaki kumchukia. Alinisikiliza kama alivyosikiliza redio, mikono imetulia, mpaka mwisho.

"Utakuwa unarudi saa ngapi?" aliuliza.

"Jioni."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Alifikiri. "Na chakula?"

"Utapika."

"Sijui kupika."

"Utajifunza."

Aliinuka, nami nikawa nimejiandaa kumsikia akiaga. Akasema, "Mie nilidhani unanikimbia mimi."

Tulioana mwaka ule ule. Wali wake wa kwanza uliungua chini na ulikuwa mbichi juu, na nilikuwa nimetoka mbali, nina njaa, nikaula wote.